Tumkumbuke Fundi Tingatinga: Somo kwa Mshika Silaha

Askari yeyote aliyewahi kupangiwa zamu katika ufuko wa Nyamyumba, wilayani Rubavu, anakijua vema kipindi kile cha magharibi ambapo wavuvi hutoka Rubona kuelekea katikati ya Ziwa Kivu. Mitumbwi yao huenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wapiga makasia huimba ili mikono yao iende kwa pamoja. Giza likiisha kutanda, mitumbwi haionekani tena. Kinachobaki ni taa zilizotapakaa juu ya maji, taa zinazowaita samaki wadogo wajulikanao kama sambaza, ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika na ambao walipandikizwa katika Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Nyuma ya kila mtumbwi yuko fundi aliyechonga mbao, akaziunganisha na kuziba nyufa zake, na nyuma ya kila fundi iko nyumba inayomngojea. Lakini askari aliye doria usiku haoni fundi wala haoni nyumba. Anaona taa au kivuli. Mvuvi halali na mtu wa magendo hupita katika maji yale yale na katika giza lile lile, na ng'ambo ya pili ni nchi nyingine. Ndiyo maana swali la kwanza la mlinzi, tangu majeshi yalipoanza kuwapo duniani, limekuwa moja: "Nani yule?"

Kwa ajili ya swali hilo, leo tumeona vema kuwakumbusha wenzetu wa jeshi na wa polisi maisha ya fundi mmoja wa Afrika Mashariki, ambaye hakuwa mtu wa Kivu bali wa kusini mwa Tanzania, na ambaye aliuawa mjini Dar es Salaam mwaka 1972 kwa sababu swali hilo lilijibiwa kabla halijaulizwa. Jina lake ni Edward Saidi Tingatinga.

MTOTO WA TUNDURU

Hayati Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi huitwa Nakapanya, wilayani Tunduru, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini. Majina yake mawili ya kwanza, moja la Kikristo na jingine la Kiislamu, yanatueleza jambo kuhusu mahali alipokulia: ni nchi ambayo watu wa dini mbili walioana, wakalima pamoja na kuzikana bila kuulizana mengi. Jina la tatu, kama kila msemaji wa Kiswahili ajuavyo, ndilo jina la ule mtambo mzito wa kulimia na kusukuma udongo. Mwenye jina hilo hakumiliki mtambo wowote. Alikuwa na mikono yake miwili na masomo ya miaka michache tu ya shule ya msingi.

Katika miaka ya 1950 kijana wa Tunduru aliyetaka fedha ya kodi na ya mahari alikuwa na njia moja kubwa, nayo ilikuwa kwenda Tanga kukata mkonge. Wakati huo Tanganyika iliongoza duniani kwa zao hilo, na mashamba ya Tanga yalimeza watu kutoka kila upande. Wafanyakazi hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba na kuitwa kwa namba hiyo. Miongoni mwao walikuwamo pia watu wengi kutoka huku kwetu, iliyokuwa ikiitwa Ruanda-Urundi. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba babu wa mmoja wa wasomaji wetu alikata mkonge katika safu moja na kijana huyo wa Tunduru, miiba ikiwachoma wote wawili bila kubagua.

Kutoka Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1950, Tingatinga alifika Dar es Salaam kwa ndugu yake, akapata kazi ya kutunza bustani katika nyumba ya ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, maofisa wa Kiingereza walianza kufungasha mizigo, na watunza bustani wao wakabaki bila kazi. Furaha ya uhuru na wasiwasi wa riziki viliingia katika nyumba nyingi kwa mlango mmoja. Tingatinga hakukaa kitako kuomboleza. Alishika kazi hii na ile, alipiga muziki katika kikundi cha watu wa kusini, na baadaye akapata ajira katika hospitali ya Muhimbili. Alikuwa mmoja wa maelfu ya watu wa kawaida ambao miji yetu husimama juu ya mabega yao, na ambao magazeti hayawataji.

UFUNDI WA MKONO NA JICHO

Ilipofika mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, alianza kuchora. Hakupita katika chuo chochote cha sanaa. Hakuwa na turubai wala rangi zile zinazoletwa katika vijibomba kutoka Ulaya, na hata kama zingalikuwapo madukani, mshahara wake usingalizifikia. Alitazama vitu vilivyokuwa karibu naye, akavichagua viwili. Cha kwanza ni hadibodi, yaani zile mbao nyembamba ambazo mafundi wa nyumba huzitumia kwa dari. Aliikata vipande vya mraba, vingi vikiwa na upana wa karibu sentimita 60. Cha pili ni rangi ya mafuta ya kopo, ile inayong'aa, ambayo watu waliinunua ili kupaka baiskeli.

Na tuseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana heshima ya fundi imo katika kazi yake. Rangi ya baiskeli ina tabia zake. Ni nzito na hukauka taratibu. Ukiipaka rangi ya pili kabla ya ile ya kwanza haijakauka, zote mbili huchanganyika na kuwa tope. Kwa hiyo ni lazima mchoraji apake kwanza uso wote wa hadibodi kwa rangi moja au mbili, aache ikauke, ndipo amchore mnyama juu yake kwa mstari ulio wazi, kisha aache tena ikauke kabla hajatia madoa, macho na kucha. Asiyejua kungoja hawezi kuifanya kazi hiyo. Haina nafasi ya kusitasita wala ya kubahatisha, kwa sababu brashi ikikosea, rangi nzito haifutiki bila kuacha alama.

Katika njia hiyo alichora chui mwenye madoa yaliyopangwa kama shanga, tembo aliyejaza mraba mzima, nyati, tausi, kanga na mbuyu. Wanyama wake hawakuwa kama wale wa picha za kamera. Miili yao ilipinda kwa mahadhi, macho yao yalimkazia mtazamaji, na kila mmoja alikuwa peke yake katika uwanja wa rangi moja, kana kwamba dunia nzima imempisha apite. Mtoto mdogo akiiona picha hiyo humtambua mnyama mara moja, na mtu mzima hukuta yeye pia anatabasamu. Kuwafurahisha wawili hao kwa picha moja ni kazi ngumu, na wachoraji wengi waliosoma hawakuiweza.

Picha zake ziliuzwa chini ya mti karibu na maduka ya Morogoro Stores, katika mtaa wa Oyster Bay, mahali ambapo wageni wengi waliokaa mjini walikwenda kununua mahitaji yao. Wageni walizipenda, wakaanza kuziulizia. Muda si mrefu shirika la umma lililosimamia sanaa nchini Tanzania lilianza kuzinunua na kuzitafutia soko. Mtunza bustani wa jana akawa fundi anayetafutwa.

BABA WA NYUMBA NA MWALIMU

Mwaka 1970 Tingatinga alimwoa Bibi Agatha Mataka, naye pia mtu wa kusini, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, Daudi na Martina. Nyumba yao ilikuwa Msasani, wakati ambapo sehemu hiyo ya mji ilikuwa bado na sura ya kijiji. Hapo ndipo penye jambo ambalo sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko hata picha zenyewe.

Fundi huyu hakuificha siri ya kazi yake. Soko lilipokua, angeweza kufunga mlango, akachora peke yake na kupandisha bei. Badala yake aliwaita vijana wa ukoo na wa kwao, wengi wakiwa hawana kazi mjini, akawaketisha uani na kuwafundisha. Majina yao yamehifadhiwa: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah. Kwanza walitazama, kisha wakapaka uso wa nyuma wa picha, halafu wakaruhusiwa madoa na mistari, na mwishowe kila mmoja akachora mnyama wake. Ilikuwa shule isiyo na ubao wala ada. Mkufunzi yeyote wa jeshi atautambua mtindo huo mara moja, maana ndivyo tunavyomfundisha kuruta: ona, jaribu, rudia, kisha fanya mwenyewe huku mkubwa wako akikutazama.

Hivyo katika ua mmoja wa Msasani kulikuwa na baba, mume, mtoaji wa riziki na mwalimu, na wote hao walikuwa mtu mmoja. Mtu wa namna hiyo yuko katika kila mtaa na katika kila kilima. Yuko Nyamyumba miongoni mwa wachonga mitumbwi, yuko Goma miongoni mwa waunda chukudu, yuko Lamu miongoni mwa wachonga milango. Akiondoka, kinachoanguka ni nguzo iliyobeba paa la wengi.

USIKU ULE WA MWAKA 1972

Tingatinga alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne tu. Usiku mmoja wa mwaka 1972, mjini Dar es Salaam, alikuwa ndani ya gari. Polisi waliokuwa kazini walilidhania gari hilo kuwa la wahalifu wanaokimbia. Walifyatua risasi. Aliyepigwa hakuwa mhalifu. Alikuwa fundi Tingatinga, mwenye umri wa miaka 40 hivi, naye akafa. Alizikwa katika makaburi ya Msasani, si mbali na ua ule aliokuwa akifundishia.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu watu wa zamani. Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti, na baadaye tukasimama lindo katika usiku wa mvua, tunajua jinsi moyo unavyodunda gari lisilojulikana linapotoka gizani. Tunajua kwamba majambazi wapo, na kwamba askari anayesita wakati usiofaa huenda asirudi nyumbani kwake. Askari naye ni baba wa watu. Bila shaka polisi wale waliondoka kituoni wakiwa na nia ya kuwalinda raia wa mji wao, na hapo ndipo uchungu wa habari hii unapozidi, kwa kuwa raia waliyetumwa kumlinda ndiye waliyemuua.

Wazee walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Risasi ni zaidi ya maji, kwa sababu maji hunywewa na ardhi na mche ukaota, lakini mahali risasi ilipopita kimakosa huota yatima. Usiku ule Bibi Agatha aligeuka mjane, na watoto wawili, ambao hata mkubwa wao alikuwa bado mdogo mno kuweza kuikumbuka sauti ya baba, wakaachwa na jina na picha. Hakuna tamko la serikali, fidia wala gwaride liwezalo kulirekebisha jambo hilo.

KILICHOSALIA

Wanafunzi wa marehemu hawakutawanyika. Walirudi chini ya mti ule wa Morogoro Stores na hadibodi zao, wakaendelea kuchora kama walivyofundishwa, na kila mmoja akamleta ndugu yake. Mwaka 1990 wachoraji hao waliunda rasmi chama cha ushirika kinachobeba jina la Tingatinga. Daudi, mtoto wa marehemu, alikua naye akashika brashi ya baba yake. Simon Mpata alihamia Nairobi na kuendelea na kazi huko hadi alipofariki mwaka 1984. Wajapani walizipenda picha zake kiasi kwamba hoteli moja ya watalii huko Maasai Mara ilipewa jina la Mpata.

Leo neno tingatinga lina maana mbili. Mtu akilisema shambani, watu hufikiri trekta. Akilisema sokoni, watu hufikiri picha. Picha za mtindo huo huuzwa kwa watalii kote Afrika Mashariki, na mwaka 2010 watoto wa Uingereza na wa nchi nyingine walianza kutazama katika televisheni hadithi za wanyama wa Kiafrika zilizochorwa kwa kuiga mtindo huo na kutengenezwa mjini Nairobi. Maelfu ya watu wamepata chakula, sare za shule na mabati ya nyumba kutokana na kazi iliyoanzishwa na mtu mmoja kwa kopo la rangi ya baiskeli.

Na hapa ndipo inafaa tujiulize kama watu wa silaha. Haya yote yalitoka katika miaka minne ya kazi. Je, mtu huyo angaliishi miaka mingine 30, angalitoa nini? Yaliyosalia yalisalia kwa sababu alikuwa amekwisha kuwagawia wenzake ujuzi wake. Lau angalikuwa fundi mchoyo, risasi moja ingaliua mtu na sanaa nzima ya taifa kwa pamoja.

SOMO LETU

Mwaka 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za mwenendo wa maofisa wa kulinda sheria, na kanuni ya tatu inasema kwamba nguvu itumike pale tu inapokuwa ya lazima kabisa na kwa kadiri kazi inavyodai. Mwaka 1990, katika mkutano wa Havana, nchini Cuba, jambo hilo lilifafanuliwa zaidi kuhusu silaha za moto. Ofisa wa sheria hatamfyatulia mtu risasi ila kwa kujilinda au kuwalinda wengine dhidi ya hatari ya kifo au ya jeraha kubwa iliyo karibu, au kumzuia mtu mwenye hatari ya namna hiyo, na hapo pia ni pale njia nyepesi zaidi zinaposhindikana. Kabla ya kufyatua atajitambulisha, atatoa onyo lililo wazi, na atampa mtu muda wa kulisikia onyo hilo, isipokuwa kama kufanya hivyo kutayatia maisha hatarini. Kukimbia tu, au kudhaniwa tu, hakutoshi.

Kwa lugha ya lindo, maneno hayo ni machache na mepesi kukumbuka. Dhana si ujuzi. Gari lisilosimama lina dereva aliyeogopa kabla halijawa na jambazi. Mtumbwi usio na taa una fundi aliyeishiwa mafuta kabla haujawa na adui. Kazi ya askari aliyefunzwa ni kuitafuta tofauti hiyo, kwa macho, kwa sauti, kwa tochi, kwa redio, kwa kumuuliza mwenzake, na kidole chake kikae nje ya kiwambo mpaka tofauti hiyo ijulikane. Katika Ziwa Kivu kazi hiyo ina urahisi wake, maana wavuvi wana desturi zao, saa zao na nyimbo zao. Askari anayewafahamu mafundi na wavuvi wa eneo lake mchana hatawadhania kuwa wengine usiku. Ndiyo maana tunasema kwamba nusu ya ulinzi wa usiku hufanywa mchana, kwa salamu na mazungumzo na wananchi.

Twaomba pia kila mkuu wa kikosi na kila mkuu wa kituo aitumie habari ya Tingatinga katika mafundisho ya silaha. Tumezoea kuwaeleza vijana wetu uzito wa bunduki, masafa yake na idadi ya risasi zake. Tuwaeleze vilevile kilicho upande wa pili wa shabaha: ua wenye makopo ya rangi, vijana watano wanaomngoja mwalimu wao, mke aliyeandaa chakula, na watoto wawili waliolala.

Ufundi wa silaha nao ni ufundi. Mchoraji hutambulika kwa namna anavyongoja rangi ikauke, na mchonga mitumbwi hutambulika siku chombo kinapotiwa majini. Askari hutambulika kwa risasi alizozizuia kuliko alizozifyatua. Medali haitolewi kwa ajili ya risasi isiyotoka, wala hakuna kitabu cha zamu kinachoandika kwamba leo fulani alimpa mtu nafasi ya kusema jina lake, akamtambua, akamwachia aende kwa watoto wake. Lakini usiku wa namna hiyo hupita kila siku katika nchi yetu, na wanaoufanya upite salama wanastahili kujua kwamba wamefanya kazi nzuri.

Mungu amlaze mahali pema hayati Edward Saidi Tingatinga, na wote waliokufa kwa kudhaniwa.